Chaneli nyingi za SSH ndani ya muunganisho mmoja: kwa nini moja inalala ilhali data yake imekwisha kufika?

#1 NahodhaTudor

Assalaam aleikum nyote. Nina programu niliyoiandika kwa lugha ya C juu ya maktaba ya libssh2, na kazi yake ni kukusanya hali za ruta na swichi za wateja wetu kuanzia Mtwapa hadi Diani. Programu haiingii kwenye kila kifaa moja kwa moja. Inaingia kwenye seva moja ya kati kwa muunganisho mmoja wa SSH (itifaki ya kuingia kwenye mashine ya mbali kwa njia iliyosimbwa), kisha ndani ya muunganisho huo inafungua chaneli kadhaa, na kila chaneli inaendesha hati yake inayozungumza na kundi moja la vifaa. Mchakato ni mmoja tu, hakuna nyuzi, soketi nimeiweka isizuie, na epoll ndiyo inayoniamsha panapokuwa na la kusoma. Kila tukio likija, nasoma chaneli yenye zamu hadi ipate EAGAIN (jibu la "kwa sasa haiwezekani, jaribu baadaye"), kisha narudi kulala. Zamu huhamia chaneli nyingine kwenye tukio linalofuata.

Sasa tazameni rekodi. Epoll imeamka, chaneli 0 imesoma baiti 4,096, ikasoma tena 1,210, ikapata EAGAIN, epoll_wait ikalala. Sekunde 30 zikapita kimya. Tukio jipya lilipokuja, zamu ikawa ya chaneli 3, nayo ikamwaga jibu lake zima kwa mkupuo. Nilikuwa nimenasa paketi kwa tcpdump wakati huohuo, na ijapokuwa siwezi kuona kilichomo kwa sababu ya usimbaji, ukubwa wa paketi unaonyesha wazi kwamba jibu la chaneli 3 lilikwisha kuingia kwenye mashine yangu kabla ya zile sekunde 30 kuanza. Data imo ndani ya nyumba na programu imelala. Nani amekutana na jambo hili?

#2 FundiWaya

Wa aleikum salaam. Angalia MaxSessions, kikomo cha vikao, kwenye sshd_config (faili la mipangilio ya SSH) ya hiyo seva ya kati. Isipoguswa huwa ni 10, kwa hiyo ukifungua chaneli ya kumi na moja kwenye muunganisho uleule, inakwama. Ipandishe hadi 50 halafu ulale usingizi.

#3 BintKongowea

Kaka FundiWaya, MaxSessions haimkwamishi mtu. Ukivuka kiwango, seva inakataa ombi la kufungua chaneli na mteja anapata jibu la kushindwa papo hapo. Hakuna chaneli inayofunguka, ikafanya kazi, halafu ikalala. Tena kikomo hicho kinahesabu vikao vya shell, vya kuingia na vya mifumo midogo kama sftp, wala hakihesabu njia za kupitisha TCP. Ndiyo maana ukiiweka 0 vikao vyote vinazuiwa lakini upitishaji wa poti unaendelea kuruhusiwa.

Kwa NahodhaTudor: jibu limo ndani ya rekodi yako mwenyewe. Unapoiita libssh2_channel_read kwa chaneli 0, maktaba haisomi paketi za chaneli 0 peke yake, kwa kuwa haiwezi kujua paketi ni ya nani kabla ya kuitoa kwenye soketi na kuisimbua. Inavuta kila kilichopo kwenye soketi, inaweka paketi zote katika foleni moja ya kikao, kisha inakupa zile zinazoihusu chaneli uliyoiuliza. Za chaneli 3 zinabaki kwenye foleni hiyo. Soketi sasa ni tupu, na epoll haijui lolote kuhusu foleni iliyo ndani ya maktaba, hivyo haina sababu ya kukuamsha. Ni kama wapagazi wamekwisha kuteremsha magunia yote jahazini na kuyaingiza ghalani, nawe bado umesimama gatini ukingoja chombo kitie nanga.

Dawa yake ni kwamba kila soketi inapoamka, zungukia chaneli zote, na usirudi kwenye epoll_wait mpaka kila moja iwe imerudisha EAGAIN katika mzunguko mmoja kamili. Tukio la soketi si tukio la chaneli.

#4 KijanaLikoni

Mnajitesa bure, wazee wangu. Ipe kila chaneli uzi wake, uzi usome mpaka uchoke, na epoll muiache kwa wanaoandika seva za wavuti.

#5 BintKongowea

Mdogo wangu, kikao kimoja cha libssh2 hakiruhusiwi kutumiwa na nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Itakubidi ukifunge kwa kufuli, na uzi wa chaneli 0 ukishika kufuli huku unasubiri data, wa chaneli 3 utasimama mlangoni. Utakuwa umeirudisha shida ileile na kuiongezea kufuli.

#6 MaalimKizingo

Naomba nitofautiane kidogo na Bint, si kwa sababu maelezo yake ni mabaya, bali kwa sababu tunakimbilia tabia ya maktaba moja kabla ya kuitazama itifaki yenyewe. Sehemu ya SSH inayohusu chaneli imeandikwa katika RFC 4254 (RFC ni hati za viwango vya intaneti), iliyotoka Januari 2006 pamoja na wenzake 4251, 4252 na 4253. Humo kila chaneli ina dirisha lake, yaani idadi ya baiti ambazo upande wa pili unaruhusiwa kutuma kabla ya kupewa ruhusa nyingine. Dirisha likifika sifuri, mtumaji lazima anyamaze kwenye chaneli hiyo hadi apokee ujumbe wa SSH_MSG_CHANNEL_WINDOW_ADJUST. Chaneli nyingine zinaendelea kama kawaida, na mwenye programu anashangaa mbona moja tu ndiyo bubu.

Jambo linalowapata wengi ni mkondo wa makosa. Kile ambacho amri inakiandika kwenye stderr huja kama data ya ziada ya aina ya 1, lakini kinakula dirisha lilelile la data ya kawaida. Ukisoma stdout (mkondo wa matokeo ya kawaida) peke yake, na hati yako huko mbali ni mropokaji anayetoa maonyo kila mstari, maonyo hayo yanajaza dirisha polepole huku wewe ukidhani huna deni. Kwa hiyo swali langu kwa Nahodha ni moja: je, stderr unaisoma?

#7 NahodhaTudor

Shukran nyote. Nimeibadilisha programu kama alivyosema BintKongowea, nazungukia chaneli zote kila ninapoamka, na zile sekunde 30 za chaneli 3 zimetoweka kabisa. Lakini asubuhi, wakati tunapovuta usanidi mzima wa vifaa na majibu yanapokuwa marefu, bado kuna chaneli moja au mbili zinazosimama katikati ya jibu, na safari hii haziamki hata nyingine zikipata data. Maalim, stderr siisomi. Sikuona haja, kwa kuwa hati zetu haziandiki humo isipokuwa kifaa kisipopatikana.

#8 MaalimKizingo

Na kwa vifaa vya kutoka Mtwapa hadi Diani, vingapi havipatikani asubuhi?

#9 NahodhaTudor

Maalim, hilo tuliache kwanza.

#10 MkwajuUkunda

Habari zenu. Nami nina mchango kutoka huku kusini, ambako kwa muda nilikuwa natunza mtandao wa hoteli mbili za ufukweni kwa programu iliyofanana sana na hii. Chaneli zangu zilikuwa zikisimama wakati wa majibu marefu vilevile, na chanzo hakikuwa kusoma bali kuandika. EAGAIN haikuambii kwamba hakuna cha kusoma. Inakuambia kwamba kazi haiwezi kuendelea sasa hivi, na huenda sababu ni kuwa maktaba inataka kutuma kitu na bafa ya soketi imejaa. Nyongeza ya dirisha anayoisema Maalim ni ujumbe unaotumwa na upande wako, kwa hiyo unaweza kuwa unasoma tu na bado ukahitaji kuandika. Ikiwa epoll umeiambia ikuamshe kwa EPOLLIN (kuna cha kusoma) peke yake, ujumbe huo utakaa hapo, upande wa pili utangoja ruhusa, nawe utangoja data, kila mmoja akimstahi mwenzake.

Kila unapopata EAGAIN, iite libssh2_session_block_directions, na ikitaja upande wa kuandika, ongeza EPOLLOUT (niamshe soketi ikiwa tayari kuandikiwa). Usiiache EPOLLOUT humo muda wote, kwani soketi karibu kila mara iko tayari kuandikiwa, na programu itazunguka bure hadi kompyuta ipige kelele.

Jingine ambalo nadhani mmelisahau ni kubadilishana funguo upya. RFC 4253 inapendekeza funguo zibadilishwe kila baada ya gigabaiti moja ya data au saa moja, lolote litakalotangulia. Mabadilishano hayo yanapokuwa yanaendelea, ujumbe wa chaneli hauruhusiwi kupita, na kila upande lazima utume na upokee. Programu inayosikiliza kusoma tu inaweza kukwama hapohapo. Nahodha, majibu ya asubuhi yakijumlishwa yanafika gigabaiti?

#11 BintKongowea

Mkwaju, hoja ya EPOLLOUT naikubali mia kwa mia, lakini kubadilisha funguo kunasimamisha muunganisho mzima, ilhali Nahodha anasema ni chaneli moja au mbili tu. Ingekuwa funguo, zote zingenyamaza pamoja.

#12 MkwajuUkunda

Zingenyamaza pamoja, kisha zikaamka kwa nyakati tofauti. Mtu anayetazama rekodi ya chaneli moja moja hataliona hilo.

#13 FundiWaya

Mimi nadhani tunaisahau bahari. Mwezi Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini, Kenya nzima iliyumba, na hata siku zisizo na hitilafu, seva ikiwa Ulaya ujumbe unakwenda na kurudi kwa muda mrefu. Dirisha dogo likikutana na umbali huo, mtumaji anatuma kidogo, anasubiri ruhusa ivuke bahari, anatuma kidogo tena. Kuna watu wa Pittsburgh Supercomputing Center waliotengeneza HPN-SSH kwa sababu hiyohiyo ya madirisha kubana kasi kwenye njia ndefu. Seva ya kati iko wapi?

#14 NahodhaTudor

Iko Ulaya, ndiyo. Kwenda na kurudi ni kama milisekunde 150.

#15 MaalimKizingo

Basi tupige hesabu badala ya kukisia. Dirisha lingekuwa la kilobaiti 64 tu, milisekunde 150 zingekupa takriban kilobaiti 437 kwa sekunde, na hapo FundiWaya angekuwa na haki ya kulalamika. Lakini dirisha la kawaida la kikao katika OpenSSH ni megabaiti 2, na libssh2 nayo inatumia kiasi hicho usipoibadilisha. Megabaiti 2 kwa milisekunde 150 ni takriban megabaiti 14 kwa sekunde, yaani zaidi ya megabiti 110, na sidhani kama usanidi wa ruta unahitaji hata robo yake. Isitoshe, umbali unapunguza kasi. Hausimamishi chaneli moja katikati ya jibu ikabaki hivyo.

Kuhusu kebo, liko jambo la kweli ambalo FundiWaya angeweza kulisema: chaneli zote zinasafiri ndani ya TCP moja. Paketi moja ikipotea, kernel (kiini cha mfumo endeshi) haikupi kilichofuata hadi iliyopotea irudiwe, hivyo hasara ya chaneli 0 inazichelewesha 1, 2 na 3 hata kama data zao zilifika salama. Hilo halirekebishiki ndani ya programu. Lakini hilo nalo linazigusa zote pamoja.

#16 FundiWaya

Maalim, kila nikitia mguu unaniambia hapo si kina. Nitaleta nyingine.

#17 MwanaNyali

Mimi siandiki C, lakini nimekumbana na chaneli zinazogandana kwa lugha ya Go, ambako watu husema matatizo haya yamekwisha kwa kuwa kuna gorutini (nyuzi nyepesi za Go). Kwenye kifurushi cha x/crypto/ssh, unapofungua chaneli unarudishiwa pia mfereji wa maombi yanayotoka upande wa pili, na nyaraka zake zinasema wazi kwamba mifereji hiyo lazima ihudumiwe, la sivyo muunganisho utaganda. Aliyeachiwa programu hiyo kazini kwetu alikuta mfereji wa maombi haumwagwi popote. Mzunguko mmoja wa ndani ndio unaogawa paketi kwa chaneli zote, na ukikwama kwenye ombi lisilo na mpokeaji, kila mtu anakosa. Kwa hiyo ninapoona neno chaneli kulala, swali langu la kwanza huwa ni nani anayepokea yale yasiyo data: hali ya kumaliza kazi, maombi ya kuchunguza kama uko hai, taarifa za kufunga.

Tukitoka Go turudi kwa Nahodha: unajuaje kwamba chaneli imesimama katikati ya jibu, na si kwamba jibu limekwisha na wewe unasubiri EOF? Katika itifaki EOF na CLOSE ni vitu viwili. EOF inasema sitatuma data tena. Chaneli haijafungwa hadi kila upande uwe umetuma CLOSE na kupokea ya mwenzake. Na EOF si lazima itumwe kabla ya CLOSE.

#18 NahodhaTudor

Dada MwanaNyali, swali zuri, ila usanidi unakatika katikati ya mstari. Nina mmoja ulioishia kwenye neno interfa na hakuna kilichofuata.

#19 KijanaLikoni

Nimetafakari baada ya kukemewa na dada Bint, na sasa nina pendekezo ambalo hata yeye hataliponda. Acheni maktaba kabisa. Mteja wa ssh wa OpenSSH ana ControlMaster; unafungua muunganisho mkuu mmoja, kisha kila amri unaiendesha kama mchakato mdogo wa ssh unaopitia soketi ya ControlPath. Kila mchakato una bomba lake la stdout na bomba lake la stderr, na mabomba hayo unayaweka kwenye epoll. Hapo tukio la bomba ndilo tukio la chaneli, na nyongeza ya dirisha, funguo, EOF na hayo mengine yote anayashughulikia mchakato mkuu ulioandikwa na watu waliokwisha kuumwa na mambo haya.

#20 BintKongowea

Leo umesema, mdogo wangu, na silipondi bali nalipunguzia bei. Kila chaneli sasa ni mchakato kamili wenye kumbukumbu yake, na ukiwa na mamia utaona. Mabomba nayo yana bafa, na usipoyasoma yanajaa, kwa hiyo stderr usiyoisoma itakukwamisha vilevile, tofauti ikiwa tu kwamba safari hii itakuwa kwenye kernel. Na hapa ndipo MaxSessions ya FundiWaya inapopata kazi, maana mchakato wa kumi na moja utakataliwa kwenye muunganisho ule.

#21 FundiWaya

Nilisema mimi.

#22 MkwajuUkunda

Kabla hatujamjengea Nahodha programu mpya, nauliza anafunguaje chaneli zake. Libssh2 inahifadhi hali ya ufunguzi unaoendelea kwenye kikao, si kwenye chaneli, kwa sababu chaneli bado haijazaliwa. Ukianza kufungua moja, ukapata EAGAIN, kisha kabla haijakamilika ukaanza kufungua ya pili, mwito wa pili utaendeleza ufunguzi wa kwanza. Mwishowe utakuwa na mkono mmoja wa chaneli unaodhani ni wa kundi la Nyali kumbe ni wa Diani, na amri zitakwenda pasipofaa. Kufungua lazima kuwe kwa foleni, moja ikamilike ndipo nyingine ianze.

#23 NahodhaTudor

Nafungua kwa foleni tangu mwanzo, hilo liko sawa. EPOLLOUT nimeiongeza kama ulivyosema, na tatizo limepungua lakini halijaisha. Leo nimechapisha thamani mbili za libssh2_channel_window_read_ex kila sekunde kwa chaneli iliyokwama: baiti zilizopo tayari kusomwa, na baiti ambazo upande wa pili bado anaruhusiwa kutuma. Ya kwanza ilikuwa 0. Ya pili ilikuwa zaidi ya milioni moja na haikusogea.

#24 BintKongowea

Ya kwanza kuwa 0 inanitoa mimi kwenye kesi, kwani hakuna kitu ghalani.

#25 MwanaNyali

Na ya pili inamtoa Maalim. Dirisha liko wazi na hakuna anayelitumia.

#26 MaalimKizingo

Msiniage mapema. Hiyo ni hesabu ya upande wake. Seva nayo ina hesabu yake, na ikiwa nyongeza ya dirisha haijatoka kwenye mashine yake, pande mbili zinaweza kuwa na vitabu viwili. Aidha, itifaki haimlazimishi mpokeaji kuongeza dirisha wakati fulani. Kila maktaba ina tabia yake. Hata hivyo, tufungue mlango mwingine. Neno interfa lililokatwa linanikumbusha jambo ambalo halihusiani na SSH hata kidogo. Chaneli ikifunguliwa kwa exec bila kuomba terminali, stdout ya hati huko kwenye seva si terminali, na maktaba ya C ikiona hivyo huacha kutoa mstari mmoja mmoja, hukusanya kwanza hadi bafa ijae. Kwenye Linux bafa hiyo kwa bomba huwa kwa kawaida baiti 4,096. Nahodha, hesabu baiti za jibu lililokatika. Zikigawanyika sawasawa kwa 4,096, data iliyobaki haijavuka bahari. Imekaa ndani ya hati yenyewe, inayongoja kifaa fulani kisichojibu.

#27 BintKongowea

Lakini Maalim, katika chapisho la kwanza tcpdump ilionyesha data imekwisha kufika.

#28 MaalimKizingo

Ile ilikuwa ya chaneli 3, nayo uliiponya wewe. Hii ni maradhi mengine kwa mgonjwa yuleyule.

#29 MkwajuUkunda

Mimi bado nadai kitabu cha upande wa seva. LogLevel ya sshd ipandishwe hadi DEBUG3, kiwango cha rekodi chenye maelezo mengi zaidi, kwa asubuhi moja, tuone kama nyongeza za dirisha zinaingia.

#30 NahodhaTudor

Baiti za jibu lililokatika ni 20,480. Nimegawa, ni 4,096 mara tano kamili. Seva ya kati haiko mikononi mwangu, kwa hiyo rekodi ya DEBUG3 nimeiomba kwa wanaoitunza na nasubiri. Wakati huo nataka kujaribu hoja ya Maalim kwa kuomba terminali kwenye kila chaneli, ili hati itoe mstari kwa mstari.

#31 MaalimKizingo

Tano kamili ni dalili, si hukumu. Kuna nyingi zinazokata kwa 4,096.

#32 KijanaLikoni

Nahodha, usiombe terminali kwa jaribio hili. Ukiiomba, stdout na stderr za hati zote zinaingia kwenye terminali moja, na kwako zitafika kama data ya kawaida bila ile ya ziada. Ukiona tatizo limeisha, hutajua kama limeisha kwa sababu bafa imeondoka au kwa sababu stderr usiyoisoma sasa inasomwa bila wewe kutaka. Endesha hati kwa stdbuf -oL (inayolazimisha kutoa mstari kwa mstari) bila terminali kwa nusu ya chaneli, na kwa nusu nyingine iache hati ilivyo lakini uiambie libssh2 iitupe data ya ziada kwa libssh2_channel_handle_extended_data2. Na kama hati ni ya Python, stdbuf haitaigusa. Hapo tumia python -u.

#33 NahodhaTudor

Nusu ni za Python na nusu ni za shell. Nitazigawa upya ili kila upande upate zote mbili, na nitaleta namba hapa.